Kilima cha Saa Kumi na Mbili

Siku ya Jumamosi, tarehe 8 Februari 2025, saa nne na dakika ishirini asubuhi, pikapu ya mizigo ilisimama mbele ya lango langu huku Ngoingwa, nje ya mji wa Thika, akashuka mwanamke wa makamo aliyevaa ovaroli ya buluu na buti za kazi. Nilimkaribisha, nikampa kiti, kisha nikamuuliza fundi angefika saa ngapi. Alinijibu kwa adabu kwamba fundi alikwisha kufika, na kwamba kama sikuwa na neno, angependa kupanda juu ya paa kabla jua halijawa kali. Nimeanza na kosa hilo kwa makusudi, kwa kuwa ndilo dogo kuliko yote nitakayoyasimulia.

Mimi ni mjane tangu tarehe 17 Agosti 2019. Nyumba ninayokaa tuliijenga pamoja na marehemu, chumba baada ya chumba, na sina nia ya kuihama mpaka nibebwe. Binti yangu, mzaliwa wa kwanza, anaishi Kimbo, Ruiru, pamoja na mumewe na watoto wawili, na kwa muda wa miaka mitano alikuwa akinisihi nihamie kwake. Alitumia hoja za kila namna: upweke, wezi, shinikizo la damu. Hatimaye tulikubaliana kwa masharti. Angeniwekea paneli za jua, betri na jiko la umeme la sahani moja, ili niache kuvuta moshi wa makaa. Nami ningeendelea kukaa kwangu. Ila asubuhi moja tu ikipita bila dalili kwamba niko hai, ningefunga virago niende Kimbo.

Dalili yenyewe ingeonekana kwenye simu. Fundi aliposhuka kutoka juu ya paa alitueleza jambo hilo, mimi na binti yangu aliyekuwa amekuja kusimamia kazi, kwa utaratibu mzuri. Mtambo uliofungwa ukutani ulikuwa ukipima umeme uliotoka juani, umeme uliotumika nyumbani, na umeme uliobaki ndani ya betri, kisha ukatuma habari hizo zote kwenye programu ya simu. Alituonyesha mchoro. Usiku mstari ulilala chini kama uzi, na mtu akiwasha jiko, mstari uliinuka ghafla, ukakaa juu, ukashuka. Kilikuwa kilima kamili. Fundi aliniuliza kama ningependa programu hiyo iwekwe kwenye simu yangu kwanza, niwe mwenye akaunti, halafu niamue nani mwingine aone. Akaongeza maneno mengine kuhusu ruhusa na mipangilio.

Sikuelewa hata nusu. Lakini mimi nilijiunga na gumbaru, shule ya watu wazima, siku ya Jumatatu, tarehe 9 Mei 2011, nikiwa na umri wa miaka hamsini na mmoja. Nilifanya mtihani wa darasa la nane nikiwa nimeketi kati ya watoto wenye umri wa wajukuu zangu, na baadaye wa kidato cha nne. Mtu aliyehangaika hivyo kupata elimu hawezi kukubali kwa urahisi kuonekana hajaelewa. Niliitikia kwa kichwa kila fundi alipotua, nikasema, "Naam, hilo liko wazi," na alipouliza mara ya pili nani awe mwenye akaunti, nilimwelekezea binti yangu kidole kana kwamba nilikuwa nikimpa kazi ya ukarani.

Kwa muda wa siku kumi na moja nilitii. Kila asubuhi saa kumi na mbili niliwasha lile jiko la sahani, nikapika chai kwa maji, maziwa na majani pamoja, kama inavyopikwa kwetu, na huko Kimbo kilima kikainuka. Tatizo lilikuwa kwamba sahani ile ikishashika moto haijui kuuachia. Unazima, nayo inaendelea na mambo yake. Maziwa yalifurika kila siku. Isitoshe, lilikuwa jiko la kusimama, na mimi asubuhi napenda kuketi. Kwa miaka arobaini na mitano nilikuwa nimekaa kwenye kigoda mbele ya jiko la makaa, nyayo zikiota moto, kikombe mkononi, nikimwazia mema na mabaya kila jirani. Juu ya sahani ya umeme mtu hawezi kuota nyayo.

Basi siku ya Alhamisi, tarehe 20 Februari, nilitoka kwenda kibandani nyuma ya nyumba, nikafukua nusu gunia la makaa nililokuwa nimesahau kulitoa, nikapika chai yangu ya kweli. Simu niliiacha chumbani ikichajiwa, tena nilikuwa nimeizima sauti tangu ibada ya Jumatano. Saa mbili kasoro dakika kumi nilisikia bodaboda ikinguruma langoni. Kupitia upenyo wa ua nilimwona binti yangu akishuka, kiatu kimoja hakijafungwa kamba.

Sikuwa na nafasi ya kufikiri. Nilichukua beseni la kufulia, la plastiki, nikalifunika jiko lililokuwa likiwaka.

Alinikuta nimesimama mlangoni nikijifanya nimeamka wakati huo. Alinishika mabega, akanitazama machoni, akanigusa paji la uso, halafu akaketi kwenye ngazi akalia kidogo. Nilimwambia nilikuwa nimepitiwa na usingizi. Tulipokuwa tukizungumza, harufu ilianza kutujia, nzito na chungu, ya kitu ambacho hakikuumbwa kichomwe.

"Ni nini hiyo inaungua, Mum?"

"Ni jirani," nikasema. "Anachoma takataka. Nimemwambia mara ngapi."

Jirani huyo, mjane mwenzangu anayeishi upande wa pili wa ua, wakati huo alikuwa kanisani. Namwomba radhi hapa, ingawa hajui kwamba nilimsingizia. Binti yangu alifuta machozi, akapanda bodaboda ile ile iliyokuwa ikimsubiri, na kabla ya kuondoka alisema kwa sauti ndogo kwamba alikuwa amenisamehe asubuhi hiyo moja, na kwamba ya pili ingekuwa ya mwisho. Nilipokwenda kibandani, jiko lilikuwa limelivaa beseni kama kofia. Halikuvulika tena. Nilinunua jiko jingine Jumamosi iliyofuata.

Lazima nieleze kitu kuhusu binti huyu. Kwa mila yetu sisi Wakikuyu, binti wa kwanza hupewa jina la mama yake baba. Kwa hiyo mtoto niliyemzaa mwenyewe ana jina la mama mkwe wangu, na marehemu mume wangu alimwita "Maitu", yaani mama, tangu alipokuwa ananyonya. Pamoja na jina alirithi jicho. Nilipoolewa, mwezi wa Desemba 1979, mama mkwe alikuwa na desturi ya kusimama uani alfajiri akitazama paa la jikoni kwangu. Moshi ukichelewa kutoka, kijiji kizima kilijua kabla ya saa sita kwamba fulani ameoa mvivu. Nami katika juma la tatu la ndoa niligundua kwamba majani mabichi ya mgomba, yakiwekwa juu ya makaa mawili matatu ya jana, hutoa moshi mwingi wa kuridhisha kabisa, na mtu anaweza kurudi kulala. Nilifanya hivyo kwa miaka miwili na mama mkwe alinisifu hadharani.

Nilidhani ujanja huo nilikwisha kuuzika pamoja naye. Kumbe ulikuwa umelala tu.

Kuanzia tarehe 21 Februari nilianza kuishi maisha mawili. Saa kumi na mbili kamili niliweka sufuria ya maji juu ya jiko la umeme, nikawasha, kisha nikatoka mbio kwenda kibandani kupepea makaa ya chai. Baada ya dakika ishirini nilirudi mbio kuzima. Kule Kimbo kilima kiliinuka, kikashuka. Huku Ngoingwa nilikuwa na lita tatu za maji yaliyochemka bila kazi yoyote. Nilioga. Niliosha vyombo ambavyo vilikuwa safi. Nililoweka miguu. Sijawahi kuwa msafi kama nilivyokuwa mwezi ule wa Machi.

Jumapili ya tarehe 16 Machi, akina mama wa kanisa letu waliniomba nitoe hotuba fupi kuhusu nishati safi, kwa vile nilikuwa wa kwanza kati yao kuwa na paneli. Nilizungumza kwa muda wa dakika ishirini na tano. Nilieleza habari za mapafu, za misitu, za mtumiaji wa kawaida ambaye leo anaweza kuzalisha umeme wake mwenyewe juu ya paa lake na kuusoma mkononi mwake kama anavyosoma ujumbe. Nilisema kwamba zama za mwanamke kupiga magoti mbele ya makaa zimekwisha. Walipiga makofi. Nilipoinua mkono kuwashukuru, niliona masizi chini ya kucha ya kidole gumba, nikaushusha.

Zile mbio za asubuhi zilinichosha. Siku moja nilikawia kibandani, na niliporudi ndani maji yalikuwa yamekauka na sufuria imeanza kugeuka rangi. Ndipo Jumatatu ya tarehe 24 Machi nilipokwenda Thika mjini, kwenye duka la dawa na vifaa vya mifugo, nikanunua swichi ya saa. Ni kidude ambacho wafugaji wa kuku hukichomeka kwenye soketi ili taa za vifaranga ziwake na kuzima zenyewe. Mwenye duka aliniuliza nina kuku wangapi. Nilimwambia mmoja tu, mzee, na anasumbua.

Niliitega iwashe jiko saa kumi na mbili kamili na kulizima saa kumi na mbili na dakika ishirini. Usiku niliacha sufuria ya maji tayari. Asubuhi niliketi kwenye kigoda changu kibandani, nyayo zikiota moto, nikasikia kwa mbali mlio mdogo wa "tak" kutoka jikoni, na nikajua kwamba huko Ruiru nilikuwa nimeonekana nikifanya bidii. Nilijisikia kama mtu aliyeajiri mfanyakazi. Nilijipongeza kwa kutumia teknolojia kuikomesha teknolojia, na nikafikiria hata kuitungia insha.

Mfanyakazi huyo alinihudumia kwa mwezi mzima bila kukosa hata siku moja.

Jumatano, tarehe 23 Aprili, mvua ilikuwa imenyesha hadi karibu na alfajiri. Saa kumi na mbili kasoro robo nilitoka na gauni la kulalia, nimejitupia leso mabegani, nikiwa nimevaa ndala. Kati ya mlango wa nyuma na kibanda pana mteremko mdogo wa udongo mwekundu, ambao mvua ikinyesha huteleza kama sabuni. Mguu wa kulia ulitangulia bila ruhusa yangu. Nilisikia kitu kikikatika kwenye kifundo, na nilipojaribu kusimama, dunia ilizunguka nikaketi tena.

Nilikaa kwenye tope. Simu ilikuwa ndani. Nilijifariji kwa kuwaza kwamba baada ya muda mfupi binti yangu angefungua simu yake, asione kilima, apige, nisipokee, aje. Mpango wote wa fundi ulikuwa umetengenezwa kwa ajili ya asubuhi kama hiyo.

Ndipo nikasikia "tak".

Kupitia dirisha la jikoni niliona mvuke ukianza kupanda kwenye kioo. Mimi niko chini, siwezi kusogea, na ndani ya nyumba yangu mashine niliyoinunua kwa mikono yangu inamthibitishia binti yangu kwamba mama yake ameamka salama na anapika chai. Nilifikiri kuirushia ndala kupitia dirishani. Niliirusha. Ilipiga ukuta.

Msomaji atadhani kwamba hapo nilipiga kelele za kuomba msaada. Mtu mwenye akili angefanya hivyo. Yapata saa moja jirani yangu alipita upande wa pili wa ua akienda kununua maziwa, akaona kichwa changu juu ya mboga za sukumawiki zilizo kando ya mteremko.

"Umeamkaje, jirani?"

"Vyema sana," nikasema.

"Mbona umekaa chini na hii baridi yote?"

Huyu ndiye mwanamke aliyewahi kuniuliza, mwaka 2011, nitafanya nini na masomo, nitakwenda kusomea mbinguni? Sikuweza. Ulimi ulikataa.

"Napalilia," nikasema.

Alichungulia juu ya ua. "Haya," akasema. "Palilia." Akaenda zake.

Niling'oa magugu mawili ili isiwe uongo mtupu. Halafu niliketi hapo nikisikia hatua zake zikipotea, na nikaanza, kwa mara ya kwanza, kuogopa. Nilikuwa nimejenga ukuta mzuri mno. Binti yangu alikuwa na ushahidi, jirani alikuwa na ushahidi, na wote wawili walikuwa wameupata kwangu. Ningeweza kufa pale kwenye mboga nikiwa na sifa ya mwanamke mwenye bidii.

Mvua iliporudi niliamua kujikokota. Nilienda kwa makalio, nikijisukuma kwa mikono, mguu mmoja umeinuliwa, na umbali wa hatua kumi na nane ulinichukua zaidi ya saa nzima. Saa tatu na dakika tano nilishika simu. Palikuwa na ujumbe mmoja, ulioletwa saa kumi na mbili na dakika saba: "Nimeona chai yako Mum. Uwe na siku njema."

Hata baada ya hayo yote nilijaribu kuvaa kiatu. Nasema hili ili msomaji asije akanihurumia kupita kiasi. Niliwaza kuita bodaboda, kwenda hospitalini kimyakimya, kufungwa bandeji na kurudi kabla ya jioni. Mguu ulikuwa umevimba ukawa hauna umbo la mguu, na kiatu kilikataa katakata. Nikampigia.

"Mum? Niko kazini, kuna nini?"

Nilikuwa nimeandaa sentensi ndefu. Iliyotoka ilikuwa hii: "Kile kilima cha leo si changu."

Alikuja na mumewe. Katika pilikapilika za kunibeba aliona kila kitu: swichi ya kuku kwenye soketi, sufuria isiyo na majani ya chai, jiko la makaa kibandani, na lile la zamani pembeni likiwa bado limevaa beseni lake. Hospitalini waliniambia mfupa wa kifundo umevunjika, wakanifunga plasta, wakasema wiki sita. Kutoka hapo gari halikuelekea Ngoingwa. Lilishika barabara kuu kwenda Ruiru, na mimi sikuuliza kwa nini. Sharti nililijua.

Nilipewa kitanda katika chumba cha wajukuu. Nilikuwa nimejiandaa kwa ugomvi, na nilikuwa na hoja zangu zimepangwa kwa herufi, lakini binti yangu alinilisha, akaniogesha, akaninyima ugomvi. Kimya chake kilinitesa kwa siku tano.

Nilikuwa nikiamini kwamba watu wa Kimbo hulala. Kumbe binti yangu huamka saa kumi na moja kasoro robo. Nilimsikia akipasha maji, akipiga pasi sare za shule, akifunga vyakula vya watoto. Asubuhi ya sita, Jumanne ya tarehe 29 Aprili, nilijikongoja kwa magongo mpaka sebuleni. Ilikuwa saa kumi na mbili. Kazi zote zilikuwa zimekwisha na watoto walikuwa wakivaa viatu. Alikuwa ameketi kwenye kona ya kochi, kikombe mkononi, akitazama simu. Nilisogea nikachungulia. Alikuwa amefungua mchoro wa nyumba yangu. Mstari ulikuwa umelala chini kutoka pembe hadi pembe.

"Unatafuta nini humo," nikamuuliza, "na mimi niko hapa?"

Alishtuka, akaigeuza simu kifudifudi. "Mazoea tu."

"Mazoea ya kunichunga."

Hapo ndipo ule ugomvi niliokuwa nikiusubiri ulipotoka, na haukufanana na wangu hata kidogo. "Kukuchunga?" akasema. "Hii ni dakika kumi yangu, Mum. Ndiyo tu niliyo nayo mpaka jioni. Naketi hapa, naona umewasha, na mimi nakunywa. Nilikuwa nadhani tunakunywa pamoja." Aliweka kikombe chini. "Kumbe nilikuwa nakunywa na saa ya kuku."

Mumewe, aliyekuwa akitafuta soksi, alitoka nje na soksi moja.

Muda wote ule nilikuwa nimemwona mama mkwe ndani yake, amesimama uani, anatazama moshi. Sikuwahi kuwaza kwamba mtu anaweza kutazama moshi wa mwenzake kwa sababu anautamani. Inawezekana hata mama mkwe mwenyewe nilimdhulumu, lakini kwa hilo nimechelewa.

Siku hiyo hiyo nilifanya jambo ambalo ningepaswa kulifanya tarehe 8 Februari. Nilimpigia yule fundi, nikamwambia kwamba sikuelewa alichosema. Nilisema hivyo hivyo, kwa Kiswahili chepesi. Hakucheka. Alinieleza upya, taratibu, na kwa muda wa dakika arobaini nilijifunza kwamba mtambo ni wangu na habari zake ni zangu. Kwamba ningeweza tangu mwanzo kuamua nani aone na aone nini. Kwamba ningeweza kuomba simu inikumbushe, au imkumbushe mtu ninayemtaka, mstari ukilala kupita saa fulani. Na kwamba maharagwe na mahindi ya githeri hayana haja ya makaa iwapo nitayachemsha kati ya saa tano na saa nane, wakati betri imejaa na jua linamwagika bure. Nilikuwa nimenunua swichi ya vifaranga ili nijikomboe, kumbe uhuru wangu ulikuwa ukurasa wa pili wa mipangilio, chini ya neno "Ruhusa".

Alinisaidia kuhamisha akaunti ije kwenye simu yangu. Binti yangu alikubali, akanipa namba za siri. Jioni, mbele yake, kwa ukubwa wa nafsi, nilimtoa. Nilibonyeza mara moja na jina lake likapotea. Nilitaka aone kwamba sasa mwenye nyumba ni mimi, halafu nimrudishe kwa hiari yangu, kwa heshima, kama anavyoalikwa mgeni. Tatizo ni kwamba sikujua kumrudisha. Nilitafuta kwa robo saa. Mwishowe nilimpa simu.

"Nirudishie mwenyewe," nikasema. "Nimekualika."

Alicheka mpaka akalala kwenye kochi. Mumewe alitoka chumbani kuangalia kuna nini.

Mazungumzo ya kurudi Ngoingwa tuliyafanya ana kwa ana baada ya hapo, na hayakuwa mepesi. Alisema hataki kilima, anataka kweli. Kama naumwa, aone naumwa. Kama nimelala mpaka saa tatu kwa uvivu, aone uvivu. Nilikubali. Kisha akasema mtu wa karibu awe na ufunguo wa nyumba yangu, aingie mstari ukilala kupita saa moja na nusu, na mtu wa karibu ni mmoja tu. Hapo nilisita. Nilimwomba anipe siku mbili za kufikiri, nikatumia tano.

Jumamosi, tarehe 7 Juni, walinirudisha. Plasta ilikuwa imetolewa na nilitembea na gongo moja. Kabla ya kuingia ndani nilivuka hadi upande wa pili wa ua, nikapiga hodi, nikampa jirani yangu ufunguo, na nikamwambia kwamba ile asubuhi ya Aprili sikuwa nikipalilia.

"Nilijua," akasema. "Nani hupalilia na gauni ya kulala?"

"Mbona basi ulienda?"

Aliutazama ufunguo, akautia mfukoni mwa aproni. "Ulisema unapalilia. Wewe umesoma. Nani anabishana na wewe?"

Halikuwa swali. Alinipikia uji na nilikunywa wote. Makaa yaliyobaki kibandani alikuja kuyachukua yeye jioni, bila mimi kumwambia, akasema ni malipo ya kushika ufunguo wangu, na kwamba akisikia tena hotuba yangu ya nishati safi atasimama kanisani aseme ukweli wote. Namwamini.

Asubuhi iliyofuata, Jumapili, niliamka kwa shida. Mguu ulikuwa mgumu, na safari ya kutoka kitandani hadi jikoni ilikuwa ndefu kuliko nilivyoikumbuka. Niliburuta kigoda mpaka jikoni, nikakiweka karibu na jiko la umeme ili angalau niketi. Niliwasha kwa mkono wangu saa kumi na mbili na dakika ishirini na sita. Nilisimamia maziwa yale kama askari, na yalipoanza kupanda nikaiondoa sufuria kabla ya kuzima, ndivyo fundi alivyonifundisha, nayo hayakufurika. Nilijimiminia. Simu ilikuwa mfukoni. Haikuwa imelia, ingawa dakika ishirini na sita zilikuwa zimepita na najua fika kulikuwa na mtu amezihesabu.

Ujumbe uliingia nilipokuwa nikipuliza kikombe.

"Umechelewa. Yangu imepoa."

Nilivaa miwani, nikaandika kwa kidole kimoja, nikahakiki herufi, nikatuma: "Ipashe moto. Nakungoja."